Mistari Miwili Iliyofanana

Fungua terminali kwenye kompyuta yenye Ubuntu, andika jina la programu yoyote yenye dirisha, kisha bonyeza Enter. Dirisha linafunguka na kazi inaendelea, lakini terminali haikai kimya. Mara nyingi utakuta mstari unaosema kwamba moduli iitwayo canberra-gtk-module imeshindwa kupakiwa. Kesho ukifungua tena, mstari ni uleule. Hakuna kilichoharibika, na hakuna anayekueleza ufanye nini. Baada ya muda macho yanajifunza kuuruka, na hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu macho yaliyozoea kuruka hayachagui. Siku diski itakapoanza kufa, onyo lake litapita katikati ya mistari hiyohiyo na hakuna atakayelisoma.

Ndiyo maana naiheshimu kazi ya kunyamazisha ujumbe usiotakiwa. Mtumiaji wa programu huria ana haki ya kufungua msimbo chanzo, kuutafuta mstari unaopiga kelele, kuubadilisha na kuikompaili programu upya. Sura hii inaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo. Inasimulia pia jinsi ilivyowahi kufanywa vibaya na watu wenye ujuzi na nia njema, hadi funguo za siri za seva zisizohesabika zikawa rahisi kukisiwa.

Tuanze na njia ambayo ujumbe hupitia. Unix ya mwanzo, ile iliyotengenezwa Bell Labs huko Marekani, haikuwa na njia maalumu ya malalamiko. Programu ilikuwa na mkondo wa kuingiza na mkondo wa kutoa, basi. Matokeo na makosa yalitokea mlango mmoja. Stephen Johnson, aliyefanya kazi pale, amesimulia jinsi hali hiyo ilivyobadilika. Walikuwa na mashine ya kupangia chapa iliyoandika kwa mwanga juu ya karatasi ya picha, na karatasi hiyo ilipaswa kusafishwa kwa dawa ndipo maandishi yaonekane. Alasiri moja watu kadhaa walipitia mlolongo wote huo, wakatoa karatasi zao, na kila mmoja akakuta mstari mmoja tu, umepangwa kwa herufi za kupendeza kabisa: faili fulani haikuweza kufunguliwa. Manung'uniko yakawafikia wahusika, na siku chache baadaye Unix ikapata mkondo wa makosa. Tangu hapo kila programu huanza ikiwa na mikondo mitatu: namba 0 ya kuingiza, namba 1 ya kutoa, na namba 2 ya makosa.

Namba hiyo 2 ndiyo inayowapa wengi suluhisho la haraka. Wanaongeza 2>/dev/null mwishoni mwa amri, na kila kilichoandikwa kwenye mkondo wa makosa kinatupwa. Kwa amri moja unayoifahamu vizuri, sina neno. Lakini kuifanya desturi ni hatari, kwa kuwa hutupi ujumbe mmoja unaokuudhi. Unatupa na ujumbe ambao hujawahi kuuona. Skripti ya kuhifadhi chelezo kila usiku, ikifungwa mdomo namna hiyo, inaweza kushindwa miezi mitatu mfululizo bila mtu kujua, hadi siku faili linapohitajika.

Turudi kwenye ule mstari wa canberra, maana unafundisha karibu kila kitu kinachohitajika. Jambo la kwanza ni kumjua msemaji. Anayeuona mstari huo akifungua programu ya Geany hudhani Geany ndiyo inayosema. Anapakua msimbo wa Geany, anatafuta mchana kutwa, hapati kitu. Jibu liko mwanzoni mwa mstari wenyewe, palipoandikwa Gtk-Message. Msemaji ni GTK, maktaba inayochora madirisha, vitufe na menyu za programu nyingi sana. Pale ambapo mwanzo wa mstari hauna jina lolote, amri ya ldd itakuorodheshea maktaba ambazo programu imeziegemea, na strace ikifuatilia wito wa write itakuonyesha ni mchakato upi ulioandika maneno hayo na ni wakati gani.

Kisha unatafuta maneno ndani ya msimbo. Kwanza endesha programu ikiwa na LC_ALL=C mbele yake, kwa kuwa programu nyingi hutafsiri ujumbe kabla ya kuuchapa, ilhali ndani ya msimbo yamo maneno ya Kiingereza ya awali. Pia usitafute mstari mzima. Jina canberra-gtk-module hulikuti mahali ujumbe unapoandikwa, kwa sababu lilijazwa programu ilipokuwa ikiendeshwa, penye alama ya %s. Tafuta sehemu isiyobadilika, yaani "Failed to load module", kwa kutumia grep -rn ndani ya folda ya msimbo wa GTK 3. Utafikishwa kwenye faili gtkmodules.c, kwenye mstari unaoanza na neno g_message.

Hapo nakusihi usifute kitu kwanza. Soma mistari kumi iliyo juu yake na kumi iliyo chini. Utaona kwamba GTK imepewa orodha ya moduli za kupakia, mara nyingi kupitia kigezo cha mazingira kiitwacho GTK_MODULES. Imeitafuta mojawapo, imeikosa, imesema hivyo, ikaendelea na kazi. Moduli yenyewe ni ya kutoa milio midogo ya matukio, kama ule mlio wa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo ujumbe ulikuwa wa kweli tangu mwanzo: kuna aliyeagiza sauti, na chombo cha sauti hakijasakinishwa. Sakinisha kifurushi cha libcanberra-gtk3-module na mstari unatoweka. Au ondoa jina hilo kwenye GTK_MODULES, nao unatoweka vilevile. Njia zote mbili hazihitaji kompaila. Ninaamini kwa dhati kwamba kusoma mistari hiyo ishirini ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote katika kazi hii, hata kama mwishowe hutabadilisha herufi moja.

Tuseme bado unataka kuubadilisha msimbo. Badala ya kuufuta mstari, badili g_message iwe g_debug. Ujumbe unaotolewa kwa g_debug hauchapwi katika hali ya kawaida, lakini siku utakayouhitaji utaendesha programu ikiwa na G_MESSAGES_DEBUG=all nao utajitokeza. Umeushusha daraja tu, na haujapotea. Kwenye Debian na Ubuntu, kama vyanzo vya deb-src vimewashwa, hatua zinazofuata si nyingi: apt source gtk+3.0 huleta msimbo, apt build-dep gtk+3.0 huleta vyote vinavyohitajika kuukompaili, dch --local huweka alama yako kwenye namba ya toleo ili kesho usije ukasahau kwamba hiki si kifurushi cha kawaida, na dpkg-buildpackage -us -uc -b hujenga vifurushi vyenyewe. Unavisakinisha, na kila programu inayotumia GTK 3 kwenye kompyuta hiyo inanyamaza kwa pamoja.

Lakini gharama inaanza siku hiyohiyo. Toleo jipya la GTK likifika, litafunika la kwako na mstari utarudi. Ukilizuia kwa apt-mark hold, umejizuilia pia marekebisho ya usalama. Anayechagua njia hii amekubali kukompaili upya kila mara, miaka yote atakayoitumia mashine hiyo. Kwa ujumbe wa mlio wa kitufe, mimi nisingekubali.

Kwenye kerneli ya Linux mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa ngazi zimepangwa tangu mwanzo. Kila ujumbe una daraja kuanzia 0, ambalo ni la mfumo kutotumika kabisa, hadi 7, ambalo ni la uchunguzi, na faili /proc/sys/kernel/printk huonyesha ni daraja gani linaruhusiwa kufika kwenye skrini. Amri ya dmesg -n hulibadilisha papo hapo. Neno quiet kwenye mstari wa kuwashia kerneli hulibadilisha tangu mwanzo. Vyote hivyo huzuia skrini tu. Kumbukumbu za mfumo zinaendelea kuandikwa. Kwenye baadhi ya laptopu, makosa ya PCIe yaliyokwisha kusahihishwa na maunzi yenyewe huandikwa mfululizo mpaka yanajaza diski. Hapo ndipo watu huingia kwenye msimbo wa kerneli.

Uwezo wa kuingia huko haukuja wenyewe, na chanzo chake kinahusu ujumbe. Katika maabara ya akili bandia ya MIT, Richard Stallman alikuwa ameibadilisha programu ya printa ya zamani ili iwaarifu watumiaji: kazi yako imekwisha kuchapwa, au karatasi imekwama, nenda ukaikwamue. Karibu mwaka 1980 maabara ilipewa printa mpya ya Xerox, iliyokuja bila msimbo chanzo. Ilikwama kama ile ya kwanza, ila safari hii haikuwezekana kuiongezea ujumbe. Aliambiwa kwamba Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon yupo mtu mwenye msimbo huo. Akaenda kumwomba, akanyimwa, kwa kuwa mtu yule alikuwa ametia saini ya kutoutoa. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika programu huria. Haki ambayo leo tunaitumia kufunga mdomo wa programu ilidaiwa kwanza na mtu aliyetaka printa iseme zaidi.

Ipo aina ya ujumbe ambayo si onyo hata kidogo. GNU Parallel, programu ya Ole Tange inayogawa kazi nyingi ziendeshwe kwa wakati mmoja, huandika kwenye terminali ombi la kumtaja katika makala za kitaaluma zilizotumia chombo hicho. Wako wanaokasirika na kuukata ujumbe huo ndani ya msimbo, na leseni ya GPL inawaruhusu. Lakini mwenyewe ameweka swichi: unaendesha parallel --citation mara moja, unaandika maneno mawili ya kuahidi kumtaja, na ujumbe haurudi. Mtu aliyekupa kazi ya miaka mingi bila malipo akiomba jina lake litajwe, naona ni haki kumsikiliza. Msimbo wake nisingeugusa kwa sababu hiyo.

Sasa tufike Debian, mojawapo ya mifumo mikongwe ya Linux na ambayo Ubuntu hujengwa juu yake. Mwaka 2006 wasanidi waliokuwa wakipima programu zao kwa Valgrind walikuwa na kero kubwa. Valgrind huitazama programu inavyotumia memori, na hulalamika inapotumia mahali ambapo haijawahi kuandika kitu. Programu yoyote iliyoegemea OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche inayolinda mawasiliano mengi ya intaneti, ilimwaga maonyo ya namna hiyo. Ubaya ni kwamba yalienea. Memori isiyoandikwa ilikuwa imechanganywa kwenye hodhi ambamo OpenSSL huchota namba nasibu; basi kila namba iliyochotwa ilihesabiwa na Valgrind kuwa na doa, na kila hesabu iliyotumia namba hiyo ikapata doa pia. Msanidi aliyekuwa akitafuta kosa lake mwenyewe hakuweza kuliona kwa wingi wa maonyo yasiyo yake.

Mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL katika Debian aliufuatilia mkondo huo wa maonyo hadi faili liitwalo md_rand.c. Humo, zikiachana kwa mistari mia mbili hivi, alikuta sehemu mbili zilizoandikwa hivi:

MD_Update(&m,buf,j);

Herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi, ni sawa. Kazi zake ni tofauti kabisa. Mstari wa kwanza umo ndani ya kipengele cha kuongeza: anayekiita analeta data isiyotabirika, kwa mfano ile iliyosomwa kutoka kerneli, ameiweka ndani ya buf, na mstari huo ndio unaoikoroga data hiyo ndani ya hodhi. Ndio mlango wa kuingilia wa kila kitu kisichotabirika. Mstari wa pili umo ndani ya kipengele cha kutoa: hapo buf ni chombo kitupu ambacho mwombaji ameleta ili ajaziwe namba nasibu, na OpenSSL, kabla ya kukijaza, hukoroga ndani ya hodhi chochote kilichokuwamo. Ni nyongeza isiyotegemewa na mtu. Kando yake waandishi walikuwa wameacha maelezo mafupi kwamba Purify, chombo kingine cha aina ya Valgrind, hulalamika hapo. Tena walikuwa wameuzungushia swichi, ili anayekompaili kwa -DPURIFY aupate msimbo bila mstari huo. Yaani kero hii ilikuwa imekwisha kuwafika, na dawa ilikuwamo ndani ya faili.

Mei 2006 mtunzaji yule aliwaandikia barua pepe watu wa OpenSSL, akaionyesha mistari yote miwili na kuuliza kama kuna ubaya kuiondoa. Jibu alilopata lilikuwa la kukubali, iwapo inasaidia katika kutafuta makosa. Septemba mwaka huo Debian ilitoa toleo 0.9.8c-1 la kifurushi hicho, mistari yote miwili ikiwa imezimwa.

Maonyo yakakoma. Na kwa karibu miezi ishirini hapakuwa na ujumbe wowote, wala programu iliyoanguka, wala mtu aliyelalamika. Funguo ziliendelea kutengenezwa, zenye urefu ule ule na sura ile ile. Lakini mlango wa kuingiza data isiyotabirika ulikuwa umefungwa, na kitu pekee kilichobaki kikibadilika kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kwenye Linux kwa kawaida haizidi 32,768. Kwa aina moja ya kichakato, na kwa ufunguo wa aina na urefu fulani, orodha nzima ya funguo zote zilizowezekana ingeweza kutengenezwa na kuwekwa kwenye diski ndogo. Mshambuliaji hakuhitaji kuvunja chochote. Angejaribu moja baada ya nyingine.

Luciano Bello ndiye aliyeigundua dosari hii, na Debian ikaitangaza tarehe 13 Mei 2008. Kwenye rejesta ya kimataifa ya dosari za usalama ni CVE-2008-0166. Ubuntu 8.04 ilikuwa imetoka chini ya mwezi mmoja kabla, nayo ikiwa na kasoro hiyohiyo. Kurudisha mstari kulikuwa kazi ya dakika moja. Mzigo ulikuwa kwenye funguo. Kila ufunguo wa SSH, wa OpenVPN na wa cheti cha seva uliotengenezwa kwenye mashine hizo ulipaswa kutupwa na kutengenezwa upya. Tena haikuwahusu wenye Debian peke yao: mtumiaji aliyetengeneza ufunguo wake kwenye Debian, kisha akauweka kwenye seva ya mfumo mwingine, alikuwa ameiachia wazi seva hiyo pia. Na ufunguo wa DSA, hata kama ulitengenezwa mahali salama, ulihesabiwa kuwa umevuja iwapo uliwahi kutumika kutia saini kwenye mashine yenye kasoro, kwa kuwa kila saini ya DSA huhitaji namba nasibu yake. Debian ilitoa orodha ya funguo zilizopigwa marufuku pamoja na chombo cha ssh-vulnkey, ili watu wajikague.

Walibishana sana baadaye kuhusu nani wa kulaumiwa. OpenSSL walisema Debian hawakupaswa kugusa wasichokielewa. Debian walisema waliuliza na wakajibiwa. Kwa maoni yangu kosa la kiufundi liko wazi kuliko ubishi huo. Ule ujumbe haukuwa wa OpenSSL. Aliyekuwa akisema ni Valgrind, na ili kumnyamazisha wakabadilisha kile kilichokuwa kikitazamwa. Valgrind ina faili za kuzuia maonyo, ambamo unaandika: onyo hili, kutoka kipengele hiki, usilionyeshe. Yangeandikwa humo, kelele zingepungua bila hodhi kuguswa, na kwa doa lililoenea ilikuwapo swichi ya -DPURIFY, ambayo ingeondoa mstari wa pili peke yake. Kubadili g_message kuwa g_debug hakubadilishi kazi ya GTK hata chembe. Kinachobadilika ni kama mtu ataambiwa au hataambiwa. Kuzima MD_Update kulibadilisha kazi yenyewe. Anayeshika kalamu ya kufuta ajiulize kwanza iwapo mstari huo unasema au unatenda. Waandishi wa OpenSSL nao wana lao: vipengele viwili vinavyokwenda pande tofauti vilitumia jina moja, buf, na ule mstari wa kwanza, uliokuwa muhimu kuliko yote, ulikuwa mtupu bila neno moja la maelezo.

Jambo jingine lililochangia ni mahali badiliko lenyewe lilipokaa. Wakati ule mabadiliko yote ya Debian kwa programu fulani yalifungwa ndani ya faili moja la tofauti, ya msimbo na ya ufungashaji yakichanganyika, na msanidi wa nje hakuwa na sababu ya kulifungua. Miaka iliyofuata vifurushi vingi vya Debian vilihamia mtindo ambao kila kiraka hukaa kwenye faili lake ndani ya folda ya debian/patches, na juu yake huandikwa maelezo: kinafanya nini, kimetoka kwa nani, na kama kimepelekwa kwa wenye programu. Sehemu hiyo ya mwisho huitwa Forwarded. Ukikitengeneza kile kiraka cha GTK nilichokieleza, ijaze hata kama kompyuta ni yako peke yako. Andika kwamba umekipeleka na kwa njia ipi, au kwamba hujakipeleka. Ukiandika kwamba hakuna haja ya kukipeleka, ongeza mstari mmoja wa sababu, ili atakayekifungua mwaka kesho ajue ulikuwa umesoma nini kabla ya kubadilisha.